Mikono ya Bucha Kwenye Jiriwa

Niseme mapema kwamba hapa nitamsifu baba yangu, na sitaacha mpaka nimalize. Anayeona ni aibu mtoto kumsifu mzazi wake, akatafute wake naye amsifu, nafasi ipo ya kutosha.

Baba alikuwa na bucha. Haikuwa kubwa: kaunta moja iliyopasuka pembeni, kulabu za kutundikia nyama, gogo la kukatia lililochimbika katikati kwa kupigwa miaka nenda miaka rudi, na mzani ambao wateja hawakuuangalia sana kwa sababu mkono wa Baba ulijulikana. Akishapima, anakata kipande kingine, anakitupia juu ya kile cha kwanza, ndipo anafunga. Mama alipiga kelele kwamba nyongeza zitatufilisi. Baba alimjibu kwamba mteja akitoka pale na kilo kavu, ataona amedhulumiwa. Mtaa mzima ulimwita Shoka, na wapo waliomfahamu maisha yao yote bila kujua kama ana jina jingine.

Mikono yake ningependa muione. Kidole chake kimoja kinatosha viwili vya mtu wa kawaida, na kiganja chake kikikuangukia begani kwa upendo, unapepesuka. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinifunga kamba za viatu asubuhi, na jioni Mama analazimika kuja na uma kuzifungua. Mikono hiyo ilijua kukata, kubeba na kupasua mfupa. Kazi ndogondogo ilikuwa haizijui, wala haikuwa imewahi kutamani kuzijua.

Kisha magoti yakagoma. Akamwachia baba mdogo bucha, akarudi nyumbani kupumzika, na hapo ndipo Mama alipoacha kupumzika. Mtu aliyezoea kuzungumza na mtaa mzima tangu asubuhi alibaki kuzungumza na sufuria. Akamfundisha Mama kukata vitunguu. Akataka kujua kwa nini ufagio unakaa nyuma ya mlango na si pembeni ya kabati. Akakaa dirishani kuwakosoa wapita njia, huyu anakanyaga vibaya, yule kabeba kikapu upande usiofaa.

Siku moja Mama alinijia chumbani kwangu ninakoshonea. Mimi nashona mapazia. Aliketi juu ya kitambaa cha mteja bila hata kukitazama, akasema, "Mwanangu, mtafutie baba yako shughuli. La sivyo mnitafutie mimi pa kuhamia."

Mume wangu alikuwa mlangoni akisikia. Ni fundi umeme, mtu wa maneno machache, na burudani yake ni moja tu: kuvua trauti kwenye mito ya baridi huko milimani. Trauti havuliwi kwa funza wala kwa donge la unga. Huvuliwa kwa nzi wa bandia, ndoana ndogo kama nusu ya kucha, iliyovishwa uzi na manyoya mpaka samaki aione ni mdudu aliyeangukia majini. Mume wangu na wenzake hukutana kila Jumamosi mchana kuwafunga hao nzi.

"Nimchukue Jumamosi?" akauliza.

"Umchukue wapi?"

"Kwenye nzi."

Nilicheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni. Mama hakucheka. Alisema, "Mchukue. Hata ukimfunga yeye mwenyewe, mimi sina neno."

Wanakutana kwenye chumba cha nyuma cha duka la baiskeli. Mwenye duka, fundi baiskeli, ndiye mkubwa wa kundi, mtu mpole anayenuka grisi. Meza yao ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya makasha, na kila mtu ana taa yake na jiriwa yake. Jiriwa hiyo ni ile ile ya fundi chuma, ila ndogo, ya kubana ndoana isicheze. Kuna chupa za manyoya, mikebe ya uzi, nyembe, vanishi, na birika la chai ambalo halipoi. Mimi nilikwenda siku ya kwanza ili kumsaidia Baba kupanda ngazi, nikabaki. Nilikuta kona yenye mwanga mzuri, na tangu siku hiyo nikawa naenda na mapazia yangu, napinda pindo huku nikisikiliza.

Aliyekuwa hodari kuliko wote pale ni mwanamke, muuguzi wa wodi ya upasuaji. Wote walimwita Sista. Mikono yake ilikwenda bila kelele, na ulimi wake haukuwa na sukari hata chembe. Alimsalimia Baba, akaitazama mikono yake, akarudi kwenye kazi yake.

Sasa fikirieni mume wangu akimfundisha baba mkwe wake. Baba akiwa amesimama, yeye haketi. Baba akiketi, yeye anainama. Hawezi kusema "hapana", hawezi kusema "siyo hivyo". Alikuwa akisema, "Baba, wengine hupenda kuanzia nyuma kidogo," na Baba anajibu, "Nimeelewa, mkwe," kisha anaanzia mbele. Uzi ukakatika. Ukakatika tena. Baba akautazama kama mteja aliyemtukana. Hatimaye ukashika, naye akauzungusha, akaongeza manyoya, akaongeza mengine, akaona bado mdudu amekonda, akamwongezea.

Aliyetoka pale kwenye jiriwa alikuwa na manyoya ya kutosha kujaza mto. Sista alimtazama yule nzi, akafungua mdomo, akamtazama mume wangu aliyekuwa akimwomba kwa macho, akaufunga mdomo akanywa chai.

"Vizuri sana, mzee," akasema fundi baiskeli.

"Vizuri sana," wakaitikia wengine.

Baba alirudi nyumbani amenyooka. Nilikuwa sijamwona amenyooka hivyo tangu aache bucha, na nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi. Aliwachomeka nzi wake kwenye kipande cha sponji na kukiweka sebuleni, na kila mgeni alilazimika kuwaona kabla hajapewa maji. Jogoo wa jirani alianza kutembea shingo tupu. Kola ya koti langu la manyoya ikapata upara, na rangi yangu ya kucha, ile isiyo na rangi, ikawa inakwenda kugandisha vichwa vya nzi. Mama naye akapata pa kusemea. "Mzoea vya kuchinja," alikuwa akimwambia, "vya kufunga hawezi." Baba anacheka tu.

Alikwenda nao mtoni mara kadhaa. Alirusha mshipi, alilowa, alirudi bila kitu, na hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni jambo alilokuja kulisikia baadaye kwa fundi baiskeli, walipokuwa wakisubiri chai ichemke.

Kundi lile lina desturi yao. Wao kwa wao hawasifiani nzi. Ukimsikia mmoja wao anasema "vizuri sana", jua anaongea na mgeni. Lakini mkiwa mtoni, mtu akiona nzi wako anafanya kazi, anatoka majini, anakuja mpaka ulipo, anakuuliza, "Una mwingine?" Basi. Hicho ndicho cheti. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na pale hakuna anayejitembeza. Ambaye hajaombwa hata mara moja bado ni mgeni, hata akae nao mpaka meno yamtoke.

Siku ile nilimrudisha Baba nyumbani. Tulipofika kwake akaniambia nikae kidogo.

"Binti yangu," akasema, "kila siku ya maisha yangu watu walikuwa wanakuja kwangu kutaka kitu. Shoka, nipe paja. Shoka, nikatie mbavu. Hata waliokuja kukopa, walikuja. Sasa najiuliza tangu niache bucha ni nani amekuja kuniomba chochote. Mama yako ananiomba nitoke jikoni." Alicheka, lakini si cheko lake. "Nataka mtu mmoja aniombe kitu nilichokitengeneza. Mmoja tu."

Nilimshika mkono, nikaenda zangu nyumbani.

Ijumaa moja, kesho yake wakitarajia kwenda mtoni, niliingia jikoni kwangu nikamkuta mume wangu mezani na kikasha cha Baba wazi mbele yake. Mkononi ana sindano yangu nyembamba kuliko zote. Anachokoa kichwa cha nzi, anapuliza, anachokoa tena.

"Unafanya nini?"

Akashtuka kama mwizi wa kuku. "Baba amenipa nimbebee."

"Kubeba ndiko kuchokoa?"

Ikabidi aseme. Ndoana ya nzi ina tundu kichwani, pale mshipi unapopita. Anayefunga lazima aache nafasi nyuma ya tundu hilo, ndogo tu, ili vitu vyake viishie hapo. Baba hakuwa anaacha. Alikuwa anajaza mpaka mwisho, kisha anamalizia kwa rangi ya kucha, na tundu linazibwa kabisa. Nzi wa namna hiyo huwezi hata kumfunga kwenye mshipi. Na kila safari, mume wangu alikuwa amewatoboa wote kabla, Baba asijue.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na wenzako wanajua?"

Akarudi kupuliza kichwa cha nzi. Basi nikajua wote wanajua.

Mimi hasira zangu nimezirithi, na siku ile zilinipanda zote. "Mnampaka baba yangu mafuta kwa mgongo wa chupa! Mzee anakaa pale kila Jumamosi anangoja aombwe, na nyinyi mnajua hakuna mtu mwenye akili atakayemwomba nzi asiye na tundu!"

"Ni baba mkwe wangu. Ulitaka nimwambieje? Nimvunjie heshima mbele za watu?"

"Heshima gani ya kumfanya mtu mjinga?"

"Wewe ni binti yake, unaweza," akasema taratibu. "Mimi siwezi. Nakuapia nimejaribu, mdomo haufunguki."

Nilimwona anasema kweli. Hasira haikuisha, lakini ilikosa mahali pa kushika. Nikachukua kutoka kikashani nzi mmoja ambaye bado hajachokolewa, nikakata kipande cha mshipi, nikavaa viatu.

Baba alikuwa sebuleni, Mama anakunja nguo. Nikamwekea vile vitu mkononi. "Baba, pitisha mshipi hapo."

Alivaa miwani. Akajaribu. Akasogea dirishani, akamwinua nzi kwenye mwanga, akajaribu tena, akalamba ncha ya mshipi kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, akajaribu tena. Mama aliacha kukunja nguo.

"Limeziba," akasema.

"Yote huziba, Baba. Mkweo huwa anayatoboa kwa sindano kabla hamjaondoka."

Niliogopa. Baba akikasirika, vikombe husogea vyenyewe. Lakini hakukasirika. Alikaa, akamweka yule nzi kwenye goti lake.

"Wote wanajua?"

"Wote."

"Sista naye?"

"Sista naye."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Ndiyo maana," akasema.

Hakwenda mtoni safari ile. Nilidhani hatakwenda tena kokote, nikajilaumu kwa kila njia ninayoijua. Jumamosi iliyofuata alinipigia simu kuuliza kwa nini nachelewa, yeye yuko tayari na kofia kichwani.

Alipoingia kwenye kile chumba cha nyuma hakuketi. Alimwaga nzi wake wote juu ya meza, katikati, chini ya taa.

"Mkwe," akasema. Mume wangu akasimama haraka mpaka kiti kikaanguka. "Heshima yako naijua. Nimeila miezi yote hii, nimeshiba. Leo iache nje, iegeshe na zile baiskeli. Hapa mezani mimi si baba mkwe wa mtu. Mkiona upuuzi, semeni upuuzi."

Fundi baiskeli akaanza kufuta birika ambalo halikuwa chafu. Mume wangu jasho linamtoka, mdomo unafunguka na kujifunga.

"Nisogezeeni kiti," akasema Sista. Akaketi mbele ya Baba, akachukua nzi mmoja, akambana kwenye jiriwa, akashika wembe. "Mzee, huyu si nzi. Huyu ni kuku." Akamchana mpaka ikabaki ndoana tupu. "Na huyu ni kuku wa harusi." Akamchana naye.

Niliweka pazia chini. Kama Baba angeinuka kuondoka, nilikuwa tayari kumshika aproni, ila aproni hakuwa nayo siku hizo. Baba alitazama manyoya yaliyorundikana mezani, na bega lake likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Sasa wewe," akamgeukia mume wangu. "Sema."

Mume wangu akameza mate. "Baba, uzi wako unaanzia karibu mno na tundu. Na manyoya ni mengi."

"Sijasikia."

"Manyoya ni mengi."

"Kwa sauti! Au ni binti yangu peke yake unayeweza kumpazia sauti?"

"Ni mengi mno, Baba!" akapaza, na chumba kizima kikaangua kicheko, hata yeye, huku akijifuta uso kwa mkono wa shati. Nilimpenda mume wangu siku hiyo kuliko siku aliyoniposa.

Hapo ndipo kujifunza kulipoanza hasa. Na msidhani kulikuwa rahisi. Kumfundisha mtu kuongeza ni kazi, lakini kumfundisha mtu kupunguza ni kazi mara mbili, hasa mtu ambaye mkono wake umeishi kwa kuongeza. "Sio mimi," alikuwa akilalamika, "huu mkono unajiongezea wenyewe." Sista alimfundisha kuchambua unyoya, kutoa nusu, kisha kutoa nusu ya ile nusu, na kufunga kilichobaki. Mume wangu alimfundisha kuuanzisha uzi mbali na tundu na kuacha kipande cha chuma kitupu, kitupu kabisa, kisichoguswa hadi mwisho. Baba alikitazama kile kipande kitupu kwa uchungu wa mtu anayeona shamba zuri limelala bila mbegu. Halafu anajisahau, anakijaza, na mume wangu anasema, "Mbele mno, Baba," bila kutetemeka, na Baba anachukua wembe anachana.

Alifunga akachana, akafunga akachana. Ndoana zilezile zilivaa na kuvuliwa nguo mpaka zikazoea. Nyumbani alifunga jiriwa kwenye meza ya jikoni, karibu na dirisha, na Mama aliyetaka atoke jikoni akajikuta ndiye mkaguzi. Kila nzi aliyekamilika alipita mikononi mwa Mama, naye anapitisha uzi tundoni. Ukipita, nzi anaingia kikashani. Usipopita, Mama anasema "Kuku!" na Baba anachukua wembe.

Nilimwona vidole vyake vikijifunza. Ninasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: vile vidole vinene vilijifunza kushika unyoya mmoja bila kuuvunja, kimoja kimoja, kwa subira ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuiona nyumbani. Aliwahi kuniita nimtazame akizungusha uzi. Alikuwa ameshikilia pumzi. Niliona fahari iliyonijaa mpaka nikaona aibu kidogo, maana ni nzi tu, si daraja.

Msimu wa uvuvi ulipofunguliwa tena tulikwenda sote. Mto ulikuwa mwembamba, wa mawe, maji yake yanaonyesha mpaka chini, na baridi yake inapanda hadi kwenye meno. Siku hiyo sikubeba pazia lolote. Mama alisema yeye baridi haijui na hataki kujuana nayo, akabaki nyumbani.

Samaki walikuwa wagumu. Trauti walionekana, wakubwa wamelala nyuma ya mawe, na hawataki kitu. Fundi baiskeli alirusha mpaka akachoka, akakaa kula mkate. Mume wangu alibadilisha nzi, akabadilisha tena. Sista alikuwa kwenye maji ya katikati, mahali pazuri kuliko pote, na nilimsikia akinung'unika maneno ambayo wagonjwa wake natumaini hawajawahi kuyasikia.

Baba alikuwa juu kidogo, maji magotini, ana nzi mdogo wa kahawia aliyekonda. Alikuwa amefunga watatu wa aina hiyo. Wa kwanza alinasa kwenye tawi la ng'ambo na kubaki huko. Wa pili alichukuliwa na samaki aliyekata mshipi, na Baba akabaki ameduwaa, mdomo wazi. Wa tatu akamletea trauti, kisha, baada ya kitambo, mwingine. Mume wangu alimsaidia kuwatoa majini, na wote wawili walikuwa wakipiga kelele kama watoto. Nilipiga makofi pale ukingoni mpaka viganja vikaniwaka.

Kisha nikamwona Sista anatoka majini. Alipita mbele ya mkoba wake wenye nzi wa kila aina, hakusimama. Akaja ukingoni mwa mto kwa hatua nzito, buti zimejaa maji, akampita mume wangu, akasimama usawa wa Baba.

"Mzee."

"Naam."

"Huyo, una mwingine?"

Nilimkamata mume wangu mkono. "Umemtuma?"

"Haki ya Mungu sijamtuma!"

Sista alisikia. Hakugeuza hata shingo. "Mimi simwombi mtu nzi kwa huruma," akasema. "Huruma naimaliza kazini. Mzee, unaye au huna?"

Baba alisimama mle majini kama hakuelewa lugha. Akafungua kikasha, akakifunga. Mwingine hakuwapo. Akavuta mshipi wake, akamshika yule nzi aliyekuwa mwishoni, akaukata mshipi kwa meno, akatoka majini polepole kwa ajili ya magoti, akamnyooshea Sista kiganja. Kwenye kiganja kile kikubwa yule mdudu alikuwa haonekani vizuri.

Sista alimchukua, akamwinua kwenye mwanga, akapitisha mshipi wake tundoni. Ukapita mara moja. Akakaza fundo, akasema, "Asante," akarudi majini. Hakumsifu. Ningemchukia kama angemsifu.

Mume wangu akamkimbilia Baba na kikasha chake. "Baba, chukua wangu uendelee. Chagua yeyote."

"Ngoja kwanza, mwanangu," akasema Baba. Hakusema mkwe. "Niacheni nikae."

Aliketi juu ya jiwe, ufito wake wa kuvulia umelala chini bila kitu mwishoni, akamtazama Sista. Nikakaa kando yake. Sista alirusha, akarusha, na mshipi ulipokaza ghafla na maji yakapasuka, Baba alinipiga paja kwa kile kiganja chake. "Umeona? Umeona? Yule ni wangu! Nimemfunga mimi kwa mkono wangu!" Paja liliniuma siku mbili na sikumlaumu. Alikaa hapo jua lote lililobaki, hakuvua tena, na sijawahi kumwona mtu asiye na kazi akiwa na furaha kiasi kile.

Mama alikuwa mlangoni tuliporudi. "Haya, wako wapi hao samaki?"

Tukatazamana, mimi, Baba na mume wangu. Trauti wake wawili tulikuwa tumewasahau mtoni, kwenye majani, karibu na lile jiwe.

Baba alivua kofia. "Mke wangu," akasema, na sauti ikamkatika, ikabidi aanze upya. "Mke wangu, nimeombwa."

Mama alitutazama mmoja mmoja, kuhakikisha hatufanyi mzaha. Kisha akamshika Baba mkono kwa mikono yake miwili, akamwingiza ndani, akamkalisha, akamvua buti zile zilizolowa kama anayemvua mgeni mkubwa. "Nisimulie," akasema, "na usipunguze hata neno."